Doti ya Mama Kwenye Ulingo wa Kisauni

Niliondoka Tanga kwa sababu moja tu: kumrudisha mdogo wangu Hamisi. Najua mtaani kwetu mlizusha mengi, mara nimekwenda kununua vitambaa, mara nimekwenda kutafuta mume. Uongo mtupu. Nilitumwa na mama, nanyi mnamjua mama akituma mtu.

Hamisi alikwenda Mombasa kufanya kazi ya ukarani kwa wakala wa meli, kazi ya shati jeupe na kalamu mfukoni. Akaiacha! Akatuletea salamu kupitia kwa dereva wa basi kwamba amefungua kampuni ya mapambano. Si ngumi peke yake, si karate peke yake, si mieleka peke yake, bali vyote kwa pamoja ndani ya ulingo mmoja. Alikuwa ameona kanda ya video nyumbani kwa baharia mmoja, watu wa mitindo mbalimbali wakipimana ubavu, na tangu siku hiyo akili yake haikutulia tena.

"Kutoana manundu nayo ni kampuni?" mama aliuliza, mikono kiunoni. "Mjomba wake amemwekea nafasi dukani. Nenda ukamlete."

Asubuhi ya safari mama alinikabidhi doti mpya ya kanga, bado haijakatwa wala kupindwa, vipande viwili vimeshikana kama ilivyotoka dukani. Ilikuwa nyekundu na nyeupe, nayo imeandikwa RUDI NYUMBANI SALAMA.

"Hii ni ya huyo mama wa Likoni anayemlisha mwanangu," akasema. "Mpe, mwambie ahsante, sasa mtoto anarudi kwao."

Nikaitia kwenye furushi pamoja na mkasi wangu na sindano zangu, maana mimi fundi cherehani siendi hata msibani bila mkasi. Basi likang'oa nanga, kama asemavyo kondakta, na vumbi likaanza.

Horohoro, mpakani, afisa mmoja mwenye sharubu nyembamba alinifungulia furushi lote mbele za watu. Akaikunjua ile doti, akaisoma, akanitazama.

"Bibie, hii ni biashara?"

"Ni ya mama."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko Tanga, na ukiichafua atakuja."

Akacheka, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akanipigia muhuri. Kuanzia Lunga Lunga barabara ilikuwa laini, na mimi nikalala usingizi mzito mpaka niliposikia watu wanashuka.

Likoni nilifika jua limeanza kupoa. Nyumba ya Bi Mwanasha haikunipa taabu kuitafuta, kwa sababu uani kwake magodoro yalikuwa yameanikwa kama kwamba wodi nzima imehamishiwa hapo. Nikabisha hodi, akatoka mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa kivuko.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe dadake Hamisi. Pua hiyo naijua. Ingia, mahamri yangali moto."

Nilimpa doti yake pale pale, kabla sijanywa hata chai, nikamwambia maneno ya mama neno kwa neno. Aliipapasa, akaisifu rangi, kisha akanirudishia mapajani.

"Hini ni doti ya kuagia," akasema. "Siipokei mpaka mtoto mwenyewe aseme yuwaenda zake."

Mtoto mwenyewe akaja baadaye kidogo, amekonda, amechomwa na jua, suruali ina madoa ya rangi aliyopakia ulingo. Lakini alikuwa akicheka, na sikumbuki lini nilimwona Hamisi akicheka namna ile alipokuwa karani. Alinikumbatia, akanionyesha mali ya kampuni: mbao za sakafu, yale magodoro ya kutandika juu yake, nguzo nne, na kamba nene kuukuu za meli alizopewa na watu wa bandarini. Basi! Hiyo ndiyo kampuni niliyoifuata nchi ya watu.

"Hamisi, funga mizigo," nikamwambia.

"Dada, nipe Jumapili tatu. Pambano la kwanza hapa Likoni, la pili Changamwe, la tatu Kisauni. Siku ya tatu watu wasipotaka la nne, mimi mwenyewe nabeba furushi lako hadi kwenye basi, na dukani kwa mjomba naingia bila ya neno."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikakubali. Niliona nimeshinda tayari. Nani angetaka pambano la nne la magodoro yale?

Jumapili ya Likoni, baada ya sala ya alasiri, ulingo ulisimamishwa kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba. Hamisi alikuwa amewaahidi wazee wa mtaa kwamba kila kitu kitakwisha kabla ya adhana ya magharibi, na kwamba hakuna atakayemwinamia mwenzake. Hilo la kuinama lilikuwa gumu, maana Omari, mwalimu wa karate wa pale pale Likoni, alizoea kuinama kila akianza. Wazee wakasema kuinama ni kwa Mungu tu. Basi wakaafikiana: wapiganaji watapeana mikono, kila mmoja aguse kifua chake, yatosha. Hata mimi niliipenda ile.

Aliyekabiliana na Omari alikuwa Okoth, bondia aliyefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, mtu wa bara, mabega mapana, mpole hata ukamwonea huruma. Masharti ya Hamisi yalikuwa mepesi. Raundi ya kwanza ngumi, ya pili mateke, ya tatu mieleka, ya nne kila mtu na lake. Watu walikuwa haba upande wa wanaume. Lakini Bi Mwanasha alikuwa amewaleta wanawake wa chama chao cha harusi, wote wamevaa leso, ndivyo wenzetu wanavyoiita kanga, wakakaa mikekani kama wamekuja kwenye taarabu.

Na kweli, taarabu ndiyo waliyoijua. Raundi ya pili Omari alirusha teke moja safi sana, likampitia Okoth begani, wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwanasha akanyanyuka. Akapanda kwenye mbao, akapenya kati ya kamba, katikati ya mapigano, huku akicheza taratibu na mkono hewani, akaenda kumtunza Omari leso shingoni, kama anavyotunzwa mwimbaji aliyeimba vizuri!

Nilishika kichwa. Hamisi alipiga makelele, "Mama, toka! Mama, utapigwa!" Omari alisimama na leso shingoni hajui aweke wapi mikono. Okoth naye, mtoto aliyelelewa akaleleka, alishusha ngumi zake zote mbili mara tu alipomwona mama wa watu.

Halafu akasema kwa sauti ya kulalamika, uwanja mzima ukasikia: "Sasa mimi mbona sijapewa? Hata mimi niko na mama."

Loo! Watu waliangua kicheko, wanaume kwa wanawake. Bi Mwanasha alimtazama yule jitu la mtu, uso ukamlegea. Akaufungua mtandio wake, ambao ndio uliokuwa pea ya ile leso, akamvika Okoth.

"Haya mwanangu, nawe mamako yuko mbali. Doti ni moja, nusu yako, nusu yake. Mkitaka kuikamilisha, mpigane tena!"

Pambano likaendelea, Omari akashinda kwa mieleka, na hakuna aliyelijali hilo. Njia nzima watu walikuwa wakiulizana, zile nusu zitakutana lini? Hamisi, ambaye alikuwa amekasirika kweli kweli, alisikia swali lile mara tatu kabla hatujafika mlangoni. Akasimama. Nikaona kabisa jambo linamwingia kichwani.

"Dada," akasema, "kuanzia leo kila pambano lina doti yake. Inagawanywa hapo hapo ulingoni. Wakirudiana, mshindi anaichukua yote."

"Na akina mama?"

"Watatunza baina ya raundi. Si katikati, tafadhali Mungu!"

Wiki iliyofuata tulivuka kivuko na mbao zetu juu ya mkokoteni, tukakatiza kisiwani hadi Changamwe. Tulifikia kwa Okoth, Port Reitz, katika nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kisafi chenye picha ya mama yake ukutani. Leso ya Bi Mwanasha ilikuwa imetundikwa chini ya picha ile. Niligeuka kidogo nikajipangusa macho, na Hamisi akajitia hakuona.

Changamwe ni mji wa watu wa kazi. Kuna wa bandarini, wa viwandani, wa uwanja wa ndege, kutoka kila pembe ya bara, na hawaogopi kuuliza. Walipoyasikia masharti wakamzonga Hamisi. Mabondia walisema glovu nene haziwezi kushika mtu wakati wa mieleka. Watu wa mieleka wakasema basi zivuliwe, mabondia wakasema zikivuliwa watavunjika vidole. Kelele zikawa nyingi, Hamisi anamgeukia huyu, anamgeukia yule.

Mimi kelele za wanaume hunichosha upesi. Nikauliza kama kuna mtu ana kiti kibovu cha ngozi. Kikaletwa kutoka karakana moja. Nikakichana, nikakata, nikashona glovu kwa mkono, nikajaza sufi juu ya vifundo vya vidole, vidole vyenyewe nikaviacha wazi. Okoth akazivaa, akapiga ngumi ukutani, akamshika Hamisi kiunoni, akamnyanyua juu na kumweka chini polepole.

"Dada, hii ni kitu!" akasema. "Umetengeneza mkono mpya."

Ndipo nilipojikumbuka. Nimekuja kuiua hii kampuni, nami hapa naishonea glovu! Nikajiambia ni kazi ya mkono tu, haina maana yoyote. Lakini usiku nilishona pea ya pili bila kuombwa.

Jumapili ya Changamwe, alasiri, Okoth alipambanishwa na Kazungu. Huyu Kazungu alikuwa hamali wa soko la Kongowea, kijana wa Kigiriama, mfupi, shingo haionekani, bingwa wa mieleka ambaye alikuwa hajawahi kuangushwa na mtu pale sokoni. Mahamali wenzake waliandamana naye wengi. Bi Mwanasha na wenzake walivuka kutoka Likoni, nao wake wa Port Reitz wakaketi nao, mara wakawa wamefundishana vigelegele.

Kazungu alikuwa anaongoza. Amestahimili ngumi, amestahimili mateke, raundi ya mieleka amembwaga Okoth mara mbili. Raundi ya mwisho ndege ikatokea, inakuja kutua, chini chini, inanguruma juu ya mapaa. Watu wa Port Reitz hata hawakupepesa macho, wao ndege kwao ni kama kunguru. Lakini Kazungu wa watu, ambaye ndege kubwa hajaiona kwa karibu namna ile, aliinua uso kuitazama.

Okoth alikuwa tayari ameirusha ngumi yake. Ikamkuta Kazungu kidevuni, kidevu kimekaa juu kama kimewekewa makusudi. Akaenda chini kwenye magodoro, akakaa pale anatabasamu.

Doti ikagawanywa, kila mmoja na nusu yake. Kazungu alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ile ndege imetua?" Mahamali walicheka kwa uchungu. Wakaapa kwamba Kisauni, kwao, ambako hakuna ndege, mambo yatakuwa mengine.

Kisauni tuliingia kwa daraja la Nyali, na hapo niliona jinsi kitu kinavyokua. Hamisi hakuwa amebandika tangazo hata moja. Lakini Kongowea nzima, kuanzia wauza vitunguu hadi madereva wa malori ya bara, walikuwa wanajua habari ya ndege na habari ya nusu mbili za doti. Muuza nazi mmoja alinisimamisha.

"Wewe ndiwe fundi wa glovu?"

"Ndimi."

"Basi mshonee Kazungu na kofia, asione juu!"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na uzito. Ilikuwa Jumapili ya tatu. Mizigo yangu nilikuwa nimekwisha kuifunga, furushi liko ubavuni kwangu, na doti ya mama imo ndani. Omari, ambaye siku hiyo alikuwa mwamuzi, aliniuliza kama nasafiri kesho na Hamisi. Nikamwambia tutaona watu watasemaje.

Alasiri hiyo mahamali walileta mikokoteni yao, wakaipanga kuuzunguka ulingo safu nyuma ya safu, ikawa ndiyo viti. Sijapata kuona watu wengi vile wakimtazama mdogo wangu. Kazungu alipigana kama simba, lakini Okoth alikuwa amejifunza mieleka tangu siku ile ya Port Reitz. Raundi ya mwisho, kidogo tu kabla ya magharibi, akamtegea mguu, akamlaza chali. Omari akahesabu. Kwisha. Okoth kashinda tena, na kwa haki kabisa.

Kwa masharti ya Hamisi, Kazungu alipaswa kuitoa nusu yake. Aliivua shingoni, akaikunja, akamkabidhi Okoth. Doti ikakamilika. Na hapo uwanja ukaanza kunung'unika.

"Basi imekwisha?" mmoja akapaza sauti kutoka juu ya mkokoteni. "Kazungu aende mikono mitupu?"

"Wametuhadaa! Hawataki arudiane naye!"

Mikokoteni ikaanza kusukumwa mbele. Hamisi alipanda ulingoni, akainua mikono kutaka kueleza. Masharti aliyatunga mwenyewe, wala hakuwahi kufikiria la kufanya nusu zikishakutana. Nilimwona anamtafuta mtu kwa macho, akaniona mimi. Uso wake ulikuwa ule ule wa utotoni, alipovunja mtungi na anajua mama anakuja.

Nisikilizeni, watu wa kwetu. Ningekaa kimya tu, kazi yangu ingekuwa imekwisha. Ulingo ungevunjwa, Hamisi angebeba furushi langu, na kesho yake angekuwa dukani kwa mjomba. Sikuhitaji hata kufungua mdomo. Lakini watu wale walikuwa wanadai nini? Walikuwa wanadai pambano la nne. Na mimi nilikuwa nimekubali kwa kiapo chake.

Nikafungua furushi. Nikapanda ulingoni, mimi ambaye hata harusini huwa sitoki kucheza, nikaikunjua doti ya mama mbele ya watu wote. Nikaitia mkasi katikati, nikaichana kwa mikono miwili, ikalia *chraaa* mpaka mwisho. Nusu moja nikamvika Okoth, nusu nyingine nikamvika Kazungu.

"Doti mpya!" nikapiga kelele. "Haijakwisha! Watarudiana!"

Bi Mwanasha alitoa kigelegele cha kwanza, na wanawake wote wakapokea. Mahamali wakapiga mikokoteni yao kwa viganja. Adhana ilipoanza, watu wakanyamaza, wakaanza kuteremka kwa utulivu, na wengine walikuja kumshika Hamisi mkono wakimuuliza, "Lini? Wapi?"

Hamisi alikaa juu ya godoro, akalia waziwazi kama mtoto. Nami nikalia naye, kwani niwafiche ya nini?

Asubuhi yake, kituoni, waliobeba furushi langu walikuwa wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyepanda nami. Kazungu alinipa nusu yake ya kanga, imefuliwa na kukunjwa.

"Dada, hii ni ya mamako. Mwambie aniwekee. Tutakuja kurudiana huko Tanga, ndipo nitaichukua."

"Huogopi?" nikamtania.

"Naogopa mamako tu."

Njiani, kutoka Lunga Lunga hadi Horohoro, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama, na kila niliyoyatunga yaliharibika. Yule afisa wa sharubu alinifungulia furushi tena. Akaishika kanga, akaigeuza huku na huku.

"Bibie, nusu nyingine iko wapi?"

"Inakuja," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nayasadiki maneno yangu mwenyewe.

Tanga. Nilikwenda nikidhani kampuni ni meza, kabati na mtu wa kufungua mlango. Nimerudi najua kwamba ya Hamisi ni watu kuulizana "lini tena?" na mtu mmoja asiyechoka kuwajibu. Mtu huyo ndiye Hamisi, na kumtoa pale kumpeleka dukani kwa mjomba ni kumwonea.

Hayo ndiyo niliyomwambia mama, pamoja na mengine yote, Bi Mwanasha na leso yake, glovu, ndege, mikokoteni. Alinisikiliza huku ameshika tama. Nilipomaliza akachukua ile nusu, akalitazama pindo lililochanwa, akanipa mgongo. Nikajua nimelikoroga. Nilikwenda kulala bila kula.

Kulipokucha alikuwa ametoka. Alirudi kutoka sokoni saa ya jua kali, ile nusu moja peke yake imetanda mabegani, na kila mtu wa mtaa wetu wa Ngamiani anajua kwamba mama yangu hajatoka nje na kanga isiyo na pea tangu azaliwe. Jirani akamuuliza mlangoni, mwenzake kaipoteza wapi?

"Haijapotea," mama akajibu. "Iko Mombasa. Inakuja na mwanangu."

Kisha akaingia ndani, akaniita, akakaa, akavua viatu.

"Nimeongea na mwenye ukumbi wa kufanyia hilo pambano," akasema. "Una kivuli kizuri, wanawake hatutakaa juani. Mpelekee Hamisi habari. Na huyo kijana wa Kigiriama mwambie mimi ndiye ninayeitunza nusu yake, kwa hiyo nitakaa upande wake. Lakini asitazame juu. Tanga pia ndege hupita."